Mapigo Matatu Yaliyomezwa

Duka la Miwani, chumba cha nyuma
Jumapili, 4 Februari

Mpwa wangu Msomi,

Marahaba. Mama yako hajambo, anasema uache kusoma penye mwanga hafifu, usije ukamletea kaka yake kazi.

Unauliza habari za Halmashauri ya Jumamosi, chama chetu cha santuri. Jana tulipata mwombaji mpya. Ni mchapaji katika ofisi ya mawakili ng'ambo ya barabara. Wiki iliyopita alikuja kuchukua miwani yake, akasikia gitaa la umeme likilia huku nyuma, akaniambia marehemu baba yake alikuwa na kabati zima la santuri za roki. Siku hizi kila mtu ana marehemu baba mwenye kabati. Akaomba kujiunga. Nikamwambia aje afanye mtihani kama wengine.

Kosa la kwanza alilifanya kabla hajakaa. Kinyozi alimuuliza anapenda nini katika ile santuri ya jalada la kijani ya Wale Watano, naye akataja wimbo kwa jina. Kwa jina, mpwa wangu, kama mtu anayetuma salamu redioni. Karani wa Posta akakohoa kwenye leso. Hakuna aliyemweleza kwamba hapa tunataja upande na namba. Mtu wa kuelezwa hilo si wa hapa. Kisha akasema, bila aibu, kwamba haoni kama mwimbaji wao aliharibika baada ya kukata nywele. Tukatazamana.

Mtihani unaujua, uliupita ukiwa na miaka minane. Upande wa pili, wimbo wa tatu, kofi moja kwenye pigo la kwanza la kila manne. Alikwenda vizuri mpaka katikati, pale waimbaji wanaponyamaza na kubaki gitaa na dramu. Pale ndipo tunapowachuja watu. Mpiga dramu anagonganisha fimbo zake, tik, anameza mapigo matatu na kurudi kwenye moja, na sisi wenye masikio tunapiga pa-pa, makofi mawili yaliyobanana. Yeye alipiga moja, akatulia kama mtu anayesubiri basi lililokwisha kupita, kisha akapiga la pili mahali ambapo hapakuwa na kitu. Baada ya hapo kila kofi lake lilianguka pembeni. Karani akaandika sifuri kwa wino mwekundu.

Unadhani alinyamaza? Alisema kwa upole kwamba wimbo hauko hivyo. Wimbo ambao mimi nimeutolea mhadhara. Nikamwambia, "Dada, redio inakungoja nyumbani." Kinyozi alicheka mpaka akashika ukuta. Mwanamke akachukua mkoba wake akatoka bila kuaga. Mfamasia peke yake ndiye hakucheka, nadhani alikuwa anasinzia.

Soma kwa bidii. Ukirudi likizo nitakuwekea upande wa kwanza wote bila kukatiza.

Mjomba wako,
Mwenyekiti

*

Maktaba ya shule
Jumatatu, 12 Februari

Shikamoo mjomba,

Nilicheka mpaka Mkutubi akaninyooshea kidole. Hasa hapo kwenye basi lililokwisha kupita. Namwona kabisa huyo Mchapaji na mkoba wake mapajani, anasubiri kitu ambacho hakiji. Nimeinakili sentensi hiyo kwenye daftari langu, ukurasa unaofuata ile orodha ya santuri zako niliyoiandika likizo.

Hapa ni jangwa. Mkuu wa bweni letu alidhani Wale Watano ni timu ya mpira. Kuna Chama cha Muziki kinachoendeshwa na wasichana wawili ambao mimi nawaita Kasuku na Mwangwi, kwa sababu wa kwanza hurudia alichosikia na wa pili hurudia alichosema wa kwanza. Wao muziki ni ule unaochezeka. Ukiwauliza dramu inafanya nini, wanakuonyesha kiuno. Mimi hukaa nyuma na kitabu na sisemi neno, unanijua, lakini ndani ya kichwa changu nawachambua kama unavyowachambua wewe.

Sasa sikiliza. Mkutubi amefungua sanduku la vitu vya zamani vilivyotolewa msaada, na ndani mna gramafoni inayofanya kazi na santuri kumi na moja. Ya nne ni jalada la kijani. Nimemwomba Mkutubi, naye amewaomba Kasuku na Mwangwi, wamenipa dakika kumi siku ya Ijumaa. Nitawaonyesha Mapigo Matatu. Sijawahi kusimama mbele ya watu, lakini kwa hilo nitasimama. Nitapiga pa-pa niwaone wanavyotoa macho.

Mpwa wako

*

Maktaba ya shule
Jumapili, 18 Februari

Shikamoo mjomba,

Walikuja wasichana ishirini na mbili. Nilieleza kama unavyoeleza wewe: kwamba mpiga dramu wa kawaida huhesabu, lakini huyu anajua lini aache kuhesabu. Nilisema kuna watu wa redio na kuna watu wenye masikio. Nilisema hivyo, mjomba, nikimtazama Kasuku.

Sindano ikashuka. Nilipiga makofi yangu, moja kwa kila manne. Ikafika katikati, gitaa na dramu. Nikapiga pa, kisha mara moja pa.

La pili lilikuwa langu peke yangu. Dramu iliendelea mbili, tatu, nne, taratibu, kama vile mimi sipo. Hapakuwa na tik. Hapakumezwa kitu. Nilisimama mikono imebanana mbele ya kifua. Kasuku akaniuliza kama nimempata yule mbu. Mwangwi akasema mbu. Tangu juzi naitwa Muua Mbu, hata na wale wa kidato cha kwanza.

Niliirudia santuri mara sita baada ya wao kuondoka. Mara sita mpiga dramu alihesabu mpaka nne kama mtoto wa darasa la kwanza.

Tafadhali niambie ni nini. Santuri ya shule ina hitilafu? Au kuna kitu sikukielewa? Najua kipo, maana haiwezekani wewe ukosee.

Mpwa wako

*

Duka la Miwani, chumba cha nyuma
Jumapili, 25 Februari

Msomi wangu,

Futa machozi, hao wasichana hawastahili hata chozi moja. Kilichokupata ni jambo la kawaida kwa watu wa daraja letu. Hiyo santuri ya shule ni toleo la wanunuzi. Kampuni iliogopa kwamba mapigo yaliyomezwa yatawachanganya watu wa dansi, ikamlazimisha mpiga dramu arudi studioni apige kama saa ya ukutani. Toleo la wanunuzi limejaa duniani kote kwa sababu wanunuzi wamejaa duniani kote. Toleo letu ni adimu. Waambie hivyo hao ndege wako, kisha nyamaza. Kumweleza mjinga mara mbili ni kujishusha.

Ajabu ni kwamba ugonjwa huo umeingia hata humu. Jana tulikuwa tunazungumza mambo yetu, Karani na Kinyozi wakibishana kama santuri iliyorekodiwa jukwaani ihesabiwe kuwa santuri au kelele za watazamaji, Mfamasia akasimama. Huyu ambaye kwa miaka thelathini husimama tu anapotaka kwenda msalani. Akasema yule Mchapaji alikuwa sahihi, kwamba tulimfukuza mtu kwa kujua kuhesabu, na kwamba aitwe aombwe radhi.

Nilidhani Kinyozi ataanguka. Karani akafungua katiba yetu, kifungu cha nne: anayekana Mapigo Matatu si mwenzetu. Kura itapigwa Jumamosi ya tarehe 24 Machi. Nimempa mwezi mzima wa kumeza maneno yake, na hiyo ni huruma, maana tangu mkewe afariki Jumamosi ndiyo siku pekee anayoongea na mtu bila kumuuliza kama kikohozi kina makohozi. Akiipoteza, kajitakia. Mtu anauza dawa za minyoo anataka kunifundisha dramu.

Usijisumbue kuniletea santuri hiyo ya shule likizo. Sitaki toleo la wanunuzi liguse gramafoni yangu.

Mjomba wako,
Mwenyekiti

*

Maktaba ya shule
Jumapili, 4 Machi

Kwa Mzee Mfamasia,

Shikamoo. Mimi ni yule msichana wa kwenye kigoda, mpwa wa Mwenyekiti. Ulikuwa unanipa peremende za koo wakati siumwi koo. Samahani kwa kukuandikia bila ruhusa ya mtu.

Mjomba aliniambia kuna matoleo mawili ya jalada la kijani. Nilimwamini, nikamweleza Mkutubi. Mkutubi hakubishana. Alinionyesha tu namba iliyochongwa kwenye santuri ya shule, karibu na kibandiko, akasema kila toleo lina namba yake. Likizo iliyopita niliorodhesha santuri zote za mjomba pamoja na namba zake. Nikafungua daftari langu. Ni namba ile ile, hadi herufi ya mwisho.

Ndipo nikafanya hesabu. Santuri ya namna ile huzunguka mara mia moja kwa dakika tatu. Nilishika saa nikahesabu wimbo: una mapigo mia tatu kwa dakika tatu. Kwa hiyo kila mzunguko mmoja ni mapigo matatu kamili. Sindano ikiruka kutoka mfuo mmoja hadi mfuo unaofuata, yaani mzunguko mmoja mbele, kinachopotea ni mapigo matatu, si zaidi wala si pungufu. Na sindano ikiruka hutoa mlio. Tik.

Nadhani santuri ya mjomba ina mkwaruzo. Nadhani tumekuwa tukiupigia makofi mkwaruzo.

Nakuomba unijibu maswali mawili tu. Je, ndivyo ulivyotaka kuwaambia? Na je, mjomba anajua?

Ni mimi,
Mpwa wa Mwenyekiti

*

Famasia
Jumamosi, 10 Machi

Binti,

Marahaba. Nakuandikia saa kumi jioni ya Jumamosi, saa ambayo kwa kawaida nisingekuwa hapa dukani. Mpaka kura ipigwe nimeambiwa nisihudhurie.

Hesabu yako ni sahihi. Mimi sikuwahi kuifanya, nilitumia kucha. Ukipitisha kucha juu ya wimbo wa tatu unausikia mkwaruzo umelala kama unywele.

Swali lako la pili si langu kulijibu, lakini sipendi kumwacha mtu na nusu ya dozi. Miaka tisa iliyopita nilinunua jalada la kijani langu mwenyewe, ili nisikilize siku za wiki. Niliicheza hapa stoo, kati ya makatoni ya pamba na dawa za kikohozi. Tulikuwa watu wawili. Ulipofika wimbo wa tatu mimi nilicheka, nikadhani ni kichekesho kizuri cha kuwapelekea wenzetu. Mwenzangu hakucheka. Alikuwa ndiyo kwanza amechaguliwa mwenyekiti, kwa ajili ya ule mhadhara. Aliniomba nisiseme. Akanishika mkono kabisa. Nikakubali, maana ni rafiki yangu, na kwa sababu niliona haimdhuru mtu.

Kisha akaja yule mama mchapaji. Alipotoka, nilimwona kupitia dirisha la mbele la Duka la Miwani. Alivuka barabara, akasimama upande wa pili, akawa anapiga vidole kwenye mkoba wake, moja, mbili, tatu, nne, kama mtu anayejikagua kama ana akili timamu.

Siwezi kumtaja mwenzangu mbele yao. Nilimwahidi. Nangoja ajitaje.

Peremende zimo ndani ya bahasha.

Mfamasia

*

Maktaba ya shule
Jumatano, 14 Machi

Shikamoo mjomba,

Nimemwandikia Mfamasia, naye amenijibu. Hakukutaja. Hakuhitaji kukutaja. Nani mwingine alichaguliwa mwenyekiti miaka tisa iliyopita kwa ajili ya mhadhara?

Nilikuwa na miaka saba wakati huo. Mwaka uliofuata ulinifundisha pa-pa. Ulinishika mikono ukanipigia, mpaka ikaingia damuni. Ulikuwa unajua. Uliposikia nimeaibika mbele ya wasichana ishirini na mbili ulikaa kwenye kiti chako ukabuni kampuni, studio na watu wa dansi. Ile habari ya saa ya ukutani ni nzuri sana, mjomba. Unaandika vizuri unapodanganya.

Nimejisoma pia mimi mwenyewe. Nilimcheka mtu nisiyemjua kwa sababu alihesabu mpaka nne. Nilinakili dharau yako daftarini kama somo. Sikuwa na masikio kuliko Kasuku. Nilikuwa Kasuku wako.

Sikuandikii kukutukana, wewe ni mjomba wangu. Nakuomba jambo moja. Tarehe 24, kabla ya kura, sema. Huhitaji hotuba. Sema tu kwamba santuri ina mkwaruzo na kwamba Mfamasia alinyamaza kwa ajili yako. Hana Jumamosi nyingine. Wewe mwenyewe uliniandikia hivyo, ukicheka.

Barua hii itakufikia kwa wakati. Nimeuliza.

Mpwa wako

*

Duka la Miwani
Jumapili, 25 Machi

Mpwa wangu,

Ilifika kwa wakati.

Kura tatu za kumtoa, hakuna ya kumtetea. Ya tatu ni yangu.

Nisikilize kabla hujakasirika. Nilikuwa nimeamua kusema. Niliiweka barua yako kwenye mfuko wa shati. Lakini wewe humjui Kinyozi akishapata mtu wa kucheka. Alimwambia Mfamasia kwamba labda kelele anazosikia ni za vidonge vinavyohesabiwa, na Karani, kichwa maji yule, akacheka kwa pua. Nikawatazama. Watu hawa hawajui kitu chochote ambacho sikuwapa mimi. Kinyozi alikuja kwangu anapenda nyimbo za matangazo. Bila mimi ni watu watatu chumbani na mashine ya kusaga lenzi. Nikafikiri, nikisema sasa, hawa ndio watakaonicheka. Hawa.

Mfamasia hakujitetea. Karani alipouliza kama kuna mwenye neno la mwisho, alinigeukia akaningoja. Hakunikodolea macho wala hakukunja uso, alingoja tu, kama anavyongoja mtu atafute cheti cha daktari mifukoni. Nikasema, "Tuendelee na kura."

Akachukua kofia yake. Mlangoni akamshukuru kila mmoja kwa miaka thelathini, kwa zamu, na mimi pia.

Nadhani sasa unanidharau. Niandikie japo mstari mmoja.

Mjomba wako

*

Maktaba ya shule
Jumapili, 1 Aprili

Shikamoo mjomba,

Umesema unadhani nakudharau. Ndiyo. Nilijaribu kutafuta neno lenye adabu zaidi kwenye kamusi, sikulipata.

Unawadharau Kinyozi na Karani, lakini wao walipiga kura kwa kile wanachokiamini.

Mtihani unaanza wiki ijayo. Sitaandika tena mpaka uishe.

Mpwa wako

*

Duka la Miwani
Jumanne, 17 Aprili

Mpwa wangu,

Najua ulisema hutaandika. Basi soma tu.

Jumamosi iliyopita niliwaambia. Sikungoja chai. Niliiweka santuri juu ya meza ya kazi, nikawasha taa ya kukagulia, nikawapa ile lenzi ninayotumia kutafuta nyufa. Nikasema tazameni hapa. Karani alitazama, Kinyozi akatazama, kila mmoja akapitisha kucha. Nikawaeleza miaka tisa yote, stoo, makatoni, na jinsi nilivyomshika Mfamasia mkono. Nikawaeleza hesabu yako pia, nikasema imefanywa na mtoto wa shule. Nilitegemea wanitukane. Nilikuwa nimejiandaa, hata nilitamani wafanye hivyo.

Kisha Karani akasema kwamba kwa maoni yake mkwaruzo uliofika mahali panapofaa nao ni sehemu ya muziki. Kinyozi akasema kwanza hilo toleo lisiloruka halina ladha, linakwenda kama mtu anayepanda ngazi, na kama mpiga dramu wa Watano angekuwa na akili angepiga kama mkwaruzo wetu. Wakaanza kumponda mpiga dramu. Mtu ambaye wamekuwa wakimsujudia miaka yote hiyo walimvua nguo katika dakika tano. Wakaazimia kwamba santuri yetu ndiyo toleo halali duniani na nyingine zote zina kasoro.

Nikauliza habari za Mfamasia. Karani akafungua katiba, akasema kifungu cha nne kinakataza kukana Mapigo Matatu, hakisemi yametoka wapi. Uamuzi unabaki. Kisha wakanipongeza kwa unyenyekevu, wakataka niendelee kuwa mwenyekiti.

Niliwatazama, mpwa wangu, nikatafuta ile dharau yangu ya kila siku, ile inayonipa maneno. Sikuipata. Nilichokiona ni kazi ya mikono yangu. Hawa nimewafinyanga mwenyewe, na nimewafinyanga vizuri.

Nikawaambia watafute chumba kingine. Walidhani natania, mpaka nilipozima taa. Wakaomba waende na santuri. Nikawapa, na jalada lake. Sasa watakutana kinyozini, nasikia wamemfanya Karani mwenyekiti. Mimi na mama yako tulihamisha viti vile Jumapili. Akaniuliza wenzangu wamekufa au nini. Nikamjibu kwamba chumba kilihitaji kupakwa rangi.

Jana, Jumatatu, nilikwenda Famasia. Nilichagua saa nne asubuhi nikidhani hakuna watu. Kulikuwa na foleni ya watu watano, na nilipofika mwisho wake akaongezeka mwingine nyuma yangu, bwana aliyefungwa bendeji mkononi. Mfamasia aliniona tangu nikiwa mlangoni. Hakuniruka wala hakuniita mbele. Alimhudumia mama mwenye mtoto, akamweleza dozi mara mbili taratibu. Akamhudumia kijana wa chunusi. Nilisimama zamu yangu yote nikipanga maneno, na nilikuwa na maneno mazuri, unanijua.

Nilipofika dirishani aliniuliza nisaidiwe nini. Yale maneno yote yakapotea. Bwana wa bendeji akisikiliza nyuma yangu, nikainama kwenye kile kitundu cha kioo.

Nikasema, "Nimewaambia. Kila kitu. Nimewafukuza wote."

Alikuwa anafunga pakiti kwa mpira. Akamaliza kuifunga.

"Kabla ya kura au baada?"

"Baada."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesoma cheti na kukuta dawa hiyo hana. Kisha akatazama juu ya bega langu, kwa yule bwana wa bendeji, akasema, "Anayefuata."

Mjomba wako